Mapafu ya Mtoto Yanaposinyaa Akiwa kwenye Mashine

 Mwezi huu tumeliweka kando somo la lishe tulilokuwa tumewaahidi, kwa sababu tumepokea barua ambayo jibu lake haliwezi kungoja. Dada aliyetuandikia ana mimba ya miezi mitano. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa akiwa na miezi saba na nusu, akawekwa kwenye mashine ya kumsaidia kupumua, na siku ya tatu hali yake ikabadilika ghafla. Madaktari walimtoboa kifuani na kumwekea mpira. Mtoto alipona, naye sasa ana miaka mitatu na anakimbiza kuku uwanjani kama wenzake. Lakini nyumbani habari ile haijaisha. Mama mkwe anasema mashine ndiyo iliyompasua mapafu mjukuu wake. Mume naye amekubaliana na mama yake, na wote wawili wameamua kwamba mtoto wa pili akizaliwa kabla ya wakati, hatawekwa mashine yoyote. Dada anauliza: Je, ni kweli mashine inaweza kupasua mapafu? Na je, aungane na mumewe kuikataa?

Tutajibu swali la kwanza bila kuficha. Ndiyo, msukumo wa hewa unaweza kupasua vifuko vya hewa ndani ya mapafu ya mtoto mchanga. Mama mkwe hakubuni jambo hilo. Swali la pili nalo tunalijibu papo hapo: usikatae, na tunaomba mumeo asome ukurasa huu mpaka mwisho kabla ya kuliamua jambo hili. Watu wengi husikia ukweli nusu, kisha huamua jambo zima kwa nusu hiyo.

Tuanze na mapafu yenyewe. Mtoto akiwa tumboni hapumui hewa. Oksijeni yake huipata kwa mama kupitia kondo la nyuma, na mapafu yake yamejaa maji. Anapozaliwa ni lazima, kwa pumzi chache za kwanza, maji hayo yaondoke na hewa ishike nafasi yake katika vifuko vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Hiyo ni kazi nzito. Pumzi ya kwanza ya mtoto inahitaji nguvu nyingi kuliko pumzi zitakazofuata, na kilio kile tunachokishangilia leba ni ishara kwamba kazi imefanyika.

Sasa kuna kitu kinachovizuia vifuko hivyo visinyae mtoto anapotoa pumzi. Kumbukeni ile mifuko ya nailoni tuliyokuwa tukiitumia sokoni kabla haijapigwa marufuku mwaka 2019. Ukiulowesha maji ndani, pande zake mbili hushikana, na kuzitenganisha ni shida. Ukiuosha kwa maji ya sabuni, hufunguka kwa urahisi zaidi. Ndani ya mapafu Mungu ameweka kitu kinachofanya kazi kama sabuni ile, nacho wataalamu hukiita safaktanti. Ni utando mwepisi wa mafuta na protini unaopaka vifuko kwa ndani ili visishikane. Mtoto huanza kuutengeneza tumboni kidogo kidogo, na kwa kawaida huwa nao wa kutosha mimba inapofikia wiki ya 34 au 35. Mtoto njiti aliyezaliwa kabla ya hapo hupumua mara moja, vifuko vikasinyaa, akavuta tena kwa nguvu kuvifungua, vikasinyaa tena. Utamwona mbavu zikiingia ndani, matundu ya pua yakitanuka, na kila anapotoa pumzi anaguna. Mguno huo bibi wengine husema ni mtoto anaota. Haoti. Anajitahidi kubakiza hewa kidogo kifuani ili mapafu yasijifunge.

Mpaka mwaka 1959 hata madaktari wakubwa hawakujua sababu. Mwaka huo Dk. Mary Ellen Avery na mwenzake Jere Mead wa Boston, Marekani, walionyesha kwamba watoto waliokufa kwa ugonjwa huu walikosa utando ule. Lakini kujua sababu hakukuleta dawa mara moja. Mwezi Agosti 1963 mke wa Rais John Kennedy wa Marekani alijifungua mtoto wa kiume, Patrick, zaidi ya wiki tano kabla ya wakati, akiwa na uzito wa kilo 2 na ushei. Alikimbizwa Boston, akafanyiwa kila lililojulikana wakati huo, na akafa akiwa hajatimiza siku mbili. Tunalitaja hili kwa makusudi. Mtoto mwenye uzito na umri kama ule, akizaliwa leo katika hospitali yenye wodi ya watoto wachanga iliyotayarishwa vizuri, hata hapa kwetu, ana tumaini kubwa kuliko alilokuwa nalo mtoto wa rais wa taifa tajiri.

Kilicholeta tofauti ni mambo matatu. La kwanza ni hewa ya msukumo. Mwaka 1971 Dk. George Gregory na wenzake wa San Francisco walieleza jinsi walivyowapa watoto 20 hewa yenye msukumo mdogo usiokatika, ili vifuko visipate nafasi ya kujifunga. Watoto 16 walipona. La pili ni sindano anayopewa mama kabla ya kujifungua, ambayo tutaizungumzia baadaye. La tatu ni safaktanti yenyewe kutiwa mapafuni. Dk. Tetsuro Fujiwara wa Japani alifanya hivyo kwa watoto 10, kwa dawa iliyotokana na mapafu ya ng'ombe, na habari zake zikatolewa mwaka 1980. Dawa hii ni ghali na si kila hospitali inayo.

Mashine iliyo kwenye wodi nyingi za kwetu ni ile ya hewa ya msukumo, ambayo sisi wauguzi huiita sipapu. Ni kifaa rahisi kuliko jina lake. Hewa iliyochanganywa na oksijeni hupita katika mrija hadi kwenye vijibomba viwili laini vilivyowekwa puani. Mrija mwingine hutoka hapo na ncha yake huzamishwa katika chupa ya maji. Tukiizamisha sentimita 5, mtoto hupata msukumo mdogo. Tukiizamisha 8, msukumo huongezeka. Maji yanatokota mapovu mchana na usiku, na mama akizoea sauti ile huweza kulala. Mtoto anapumua mwenyewe. Hewa ile inamzuia tu asirudi mwanzo kila anapotoa pumzi.

Je, inasaidia kwa kiasi gani? Katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth huko Blantyre, Malawi, kifaa cha namna hii cha bei nafuu kilijaribiwa kwa watoto wachanga walioshindwa kupumua vizuri, na matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Kati ya watoto waliowekewa kifaa hicho, 71 katika kila 100 waliishi. Kati ya waliopewa oksijeni ya kawaida ya puani, waliishi 44 katika kila 100. Malawi ni jirani zetu, wenye wodi zilizojaa kama zetu na umeme unaokatika kama wetu. Ndugu mume wa dada yetu, tunakuomba usome sentensi hizo mbili za hesabu mara ya pili.

Sasa tuje kwenye kupasuka. Mapafu ya njiti hayafunguki yote kwa usawa. Sehemu nyingine zimeshikana kabisa na nyingine ziko wazi. Hewa, kama maji ya mfereji, hukimbilia penye njia rahisi. Basi vifuko vilivyo wazi hujazwa kupita kiasi na vile vilivyoshikana havipati kitu, mpaka kimojawapo cha vile vilivyojaa kinapasuka. Hewa huvuja na kuingia katika nafasi iliyo kati ya pafu na ukuta wa kifua. Hewa hiyo haina pa kutokea. Kila pumzi inaiongeza, nayo inalibana pafu kwa nje mpaka linasinyaa. Ikizidi sana, husukuma hata moyo upande wa pili, na damu ikashindwa kurudi moyoni sawasawa. Hapo ndipo mtoto anapobadilika rangi ghafla.

Jambo hili halihitaji mashine ili litokee. Katika watoto 100 waliotimiza miezi yao na wasiogusa mashine yoyote, mmoja au wawili huvuja hewa kidogo kwa nguvu za pumzi zile za kwanza, na wengi wao hakuna anayejua. Watoto waliokunywa maji machafu, yaani waliovuta kinyesi chao cha kwanza wakiwa bado tumboni, wako hatarini zaidi, kwa kuwa uchafu ule huziba njia kama kizibo kinachoruhusu hewa kuingia na kuizuia kutoka. Vilevile mtoto aliyezaliwa amechoka akapulizwa kwa nguvu nyingi. Ndiyo maana wakunga hufundishwa kuubonyeza mfuko wa hewa taratibu, kiasi cha kifua kuinuka kidogo tu. Na kama umejifungua njiani na mtu anampulizia mtoto kwa mdomo, zitoshe pumzi ndogo za mashavuni. Pumzi ya kupuliza moto wa kuni haimfai mtoto mchanga.

Hata hivyo, ni kweli kwamba msukumo unaongeza hatari kwa mapafu ambayo tayari ni mabovu. Mwaka 2008 ulitolewa utafiti wa watoto 610 waliozaliwa katika wiki ya 25 hadi ya 28 ya mimba, yaani wadogo kweli kweli. Nusu waliwekewa hewa ya msukumo puani, na nusu waliingizwa mpira kooni na kupumuliwa na mashine kubwa. Kundi la kwanza, watoto 9 katika kila 100 walivuja hewa kifuani. Kundi la pili, 3 katika kila 100. Lakini vifo havikutofautiana kwa maana yoyote kati ya makundi hayo mawili, na wale wa hewa ya puani wachache zaidi walihitaji oksijeni walipofikisha siku 28. Maana yake ni kwamba kuvuja kwa hewa ni hatari inayojulikana, inayotazamiwa, na yenye tiba. Kifua kisichosaidiwa kabisa ndicho kinachoua watoto wengi zaidi.

Muuguzi aliye zamu anaitazamia hatari hiyo kila saa. Anatazama kama kifua kinainuka sawa pande zote mbili, au upande mmoja umetuna na haunyanyuki. Anasikiliza kama mapigo ya moyo yamehama mahali pake. Anaangalia kile kitambaa chenye taa kinachofungwa mguuni kupimia oksijeni, kama namba inashuka ghafla wakati mtoto alikuwa akiendelea vizuri. Pengine tumbo linaonekana limejaa, kwa sababu hewa kifuani imelisukuma chini. Tukishuku, taa za chumba huzimwa na tochi yenye mwanga mkali huwekwa kwenye kifua cha mtoto. Ngozi ya mtoto huyu ni nyembamba mno. Penye hewa iliyovuja, kifua hung'aa chekundu kama kandili. Akina mama waliopo chumbani hudhani tunafanya mambo ya ajabu, nasi mara nyingi hatupati nafasi ya kueleza, maana tunakwenda mbio. Muda ukiruhusu, hupigwa picha ya eksirei.

Hewa ikiwa kidogo na mtoto hana shida, huachwa. Mwili wenyewe utaifyonza, nasi tutamchunga. Ikiwa nyingi, daktari huitoa kwanza kwa sindano, na mtoto aliyekuwa wa buluu hurudi rangi yake pengine kabla sindano haijatolewa. Kisha huingizwa mpira mwembamba kati ya mbavu, mpira huo ukaunganishwa na chupa yenye maji iliyo sakafuni. Hewa hutoka kifuani kwa mapovu, lakini haiwezi kurudi, kwa sababu maji yameziba njia. Mtoto hupewa dawa ya maumivu. Tundu la pafu kwa kawaida hujiziba lenyewe katika siku chache. Mapovu yakikoma hatukimbilii kuutoa mpira, kwa kuwa huenda umeziba tu. Tunahakikisha kwanza, mara nyingi kwa picha nyingine.

Hapa tuna neno kwa mama na kwa ndugu wanaokuja kutazama. Chupa ile ya kifuani ibaki chini siku zote. Tumewaona shangazi wema kabisa wakiinyanyua ili wapige deki, au kuipandisha juu ya stuli isipigwe teke. Ikipanda juu ya mtoto, maji yanaweza kurudi kifuani. Usiiguse, mwite muuguzi. Na usiichanganye na ile chupa ya sipapu. Mapovu ya sipapu yakikatika ni habari mbaya, maana hewa haimfikii mtoto. Mapovu ya chupa ya kifuani yakipungua siku hadi siku mara nyingi ni habari njema. Ukiwa na shaka uliza, hata kama muuguzi ana uso wa kuchoka.

Iko pia namna nyingine ya pafu kusinyaa, isiyo ya kupasuka. Kwa watoto walioingizwa mpira kooni, mpira huo ukiteleza sentimita moja tu kwenda ndani, huingia pafu la kulia peke yake, kwa kuwa njia ya kulia imenyooka zaidi kuliko ya kushoto. La kushoto halipati hewa, likajifunga. Ndiyo sababu ya ule utepe uliobandikwa kwa uangalifu mdomoni, na namba iliyoandikwa kwenye chati. Makohozi nayo yanaweza kuziba tawi moja la njia ya hewa. Tiba ya haya ni kuurudisha mpira mahali pake, kumvuta makohozi pale tu inapobidi, na kumgeuza mtoto ubavu. Kwa hiyo ukisikia daktari anasema pafu limesinyaa, muulize kwa upole ni kwa sababu gani, na nini kinafanyika.

Dada yetu anasema pia kwamba mama mkwe hukumbusha mara kwa mara kuwa alibeba ndoo za maji akiwa mjamzito, na kwamba mtu mwingine alimwambia atubu, huenda kuna jambo alilomficha Mungu. Tumekaa miaka mingi wodini na pia katika ushirika wa akina mama, na kusema kweli maneno haya yametuliza zaidi ya barua nyingine nyingi. Vifuko vya mapafu ya mtoto yule vilipasuka kwa sababu alizaliwa kabla utando ule haujatosha. Mama anayeambiwa vinginevyo wakati maziwa yake ndiyo kwanza yanatoka, na mtoto wake yuko kwenye mipira, anabebeshwa mzigo ambao si wake. Kama kuna anayepaswa kutubu hapo, mwamuzi na awe msomaji.

Sasa, mimba hii ya sasa. Mwanamke aliyewahi kuzaa njiti yuko katika hatari kubwa zaidi kuliko wengine ya kuzaa njiti tena, ingawa walio wengi mimba inayofuata hufika salama. Dada, uko mwezi wa tano, umeandika wakati mzuri. Nenda kliniki wiki hii, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi kama iko mbali, na sema wazi: mtoto wangu wa kwanza alizaliwa miezi saba na nusu na alishindwa kupumua. Hakikisha imeandikwa kwenye kadi. Omba kipimo cha picha kama hujafanyiwa, ili umri wa mimba ujulikane vizuri, maana mambo mengi yatakayofuata yanategemea hesabu ya wiki. Pimwa mkojo, shinikizo la damu na malaria, utibiwe kinachoonekana, na ulalie chandarua. Uliza pia ni hospitali gani yenye wodi ya watoto wachanga na sipapu inayofanya kazi, na upange kujifungulia huko. Njiti husafiri salama zaidi akiwa bado tumboni mwa mama kuliko akiwa amefungwa kanga kwenye pikipiki.

Dalili za kukufanya uende hospitali usiku uleule ni hizi: maji kutoka ukeni hata kama ni kidogo, damu, maumivu ya kiuno au tumbo yanayokuja na kuondoka kwa mpangilio, tumbo kukaza mara kwa mara, mtoto kupunguza kucheza, kichwa kuuma sana pamoja na kuona nyota. Chupa ikipasuka mapema, akina mama wengine hufunga kitambaa na kusubiri wapate nauli kesho yake. Saa hizo za kusubiri ndizo saa za sindano.

Sindano hiyo ndiyo lile jambo la pili tulilolitaja. Mganga mmoja wa New Zealand, Graham Liggins, alikuwa akichunguza kondoo, akakuta mwanakondoo aliyezaliwa mapema mno bado anapumua wakati kwa hesabu zake ilipasa awe amekufa. Mwanakondoo huyo alikuwa ametiwa dawa ya jamii ya steroidi akiwa bado tumboni. Mwaka 1972 yeye na Ross Howie walitoa matokeo ya dawa hiyo kwa wanawake, na tangu hapo imeokoa watoto wasiohesabika. Hapa kwetu watu huiita sindano ya kukomaza mapafu. Hupewa mama mwenye mimba ya wiki 24 hadi 34 anayeelekea kujifungua mapema, na hufanya kazi vizuri zaidi mtoto akizaliwa baada ya saa 24 na kabla ya siku 7 kupita. Utafiti mkubwa uliofanyika Kenya, Nigeria, India, Pakistan na Bangladesh, uliotolewa mwaka 2020, ulionyesha vifo vya watoto wachanga vikipungua kutoka 23 na nusu hadi karibu 20 katika kila 100 kwa mama waliopewa dawa hiyo hospitalini. Tunasema hospitalini kwa uzito. Isichomwe kwa duka la dawa, wala isichomwe kwa kubahatisha. Ni lazima wiki za mimba zijulikane, mama achunguzwe kama hana maambukizo, na mahali pa kumtunza mtoto pawepo.

Na kwa wale wanaochagua tarehe ya upasuaji kwa sababu mume anasafiri au ni sikukuu: mtoto aliyetolewa kwa upasuaji kabla ya uchungu kuanza, na kabla ya wiki ya 39, hupata shida ya kupumua mara nyingi zaidi. Kama hakuna sababu ya kiafya, mwacheni mtoto akae.

Kama mtoto atazaliwa mapema licha ya yote, dada, kazi yako wodini ni kubwa kuliko unavyodhani. Anza kukamua maziwa mapema, saa za kwanza, hata kama ni matone ya njano tu. Atayapata kwa mrija. Hali yake ikiruhusu, omba kumweka kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa njia ya kangaruu. Utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania, uliotolewa mwaka 2021, ulionyesha kwamba watoto wa chini ya kilo 1.8 waliowekwa kifuani mapema baada ya kuzaliwa, bila kungoja watulie kwanza, vifo vyao vilipungua kwa robo. Baadhi ya watoto hukaa kifuani kwa mama huku sipapu iko puani. Baada ya kutoka hospitali usiache kumrudisha kupimwa macho, masikio na ukuaji, maana njiti anahitaji hivyo. Kwa habari ya pafu lililopasuka na likapona, kama la mwanao huyu anayekimbiza kuku, kwa kawaida haliachi kilema.

Akina mama wa ushirika mnaokwenda kuwatazama wagonjwa, wodi hii ingieni mmoja mmoja kama mtaruhusiwa, mikono imeoshwa kwa sabuni, na mwenye mafua abaki nje. Maombi yafanyeni barazani kwa sauti ya chini. Pelekeni uji wa mama, kanga safi na soksi ndogo. Pia mtu mmoja ajitolee kumtazama mtoto mkubwa aliyebaki nyumbani, kwa sababu hilo ndilo linalowafanya mama wengi waombe kuondoka kabla ya wakati.

Sasa tunasema na mume wako. Ndugu yetu, tunaelewa. Uliambiwa mtoto anaendelea vizuri, kisha ukafika jioni ukamkuta ametobolewa kifuani, na pengine hapakuwa na mtu aliyekaa chini kukueleza. Hofu yako ina sababu. Basi itumie. Nenda na mkeo kliniki mwezi huu, muulize daktari kwa mdomo wako jinsi wanavyopima msukumo, nani anakesha usiku, na wanafanya nini pafu likipasuka. Uulize pia kama wana tochi ile na mipira ya kifuani ya saizi ya mtoto mchanga. Hospitali inayojibu maswali haya bila kukasirika ni mahali pazuri pa kumpeleka mkeo. Wekeni nauli ya usiku kando kuanzia sasa, mtafute mwenye gari mapema, namba yake ya simu ikae mlangoni. Na mama mkwe mchukueni siku mojawapo mwende naye.